Kadi Iliyokuta Jina Limechukuliwa

Wengi wetu tunaijua intaneti kama kitu cha hewani. Unaweka pesa kwenye simu, unanunua MB, inashika au haishiki. Lakini kwenye kompyuta za mezani mambo yanapita mlango mwingine, nao ni kadi ya mtandao: kibao cha kijani kinachotosha kwenye kiganja, kina tundu moja la waya nyuma na taa mbili ndogo. Nataka kuandika historia ya kadi hiyo kwa sababu inapendeza, na pia kwa sababu katika chumba chetu cha vijana hapa Rusizi kuna kompyuta saba zilizoandikwa kwenye orodha ya vifaa vya kuondolewa. Mbele ya kila moja limeandikwa neno lilelile: "haina mtandao". Ndugu msomaji, hasa wewe unayefanya kazi kwenye shirika na kutia sahihi orodha kama hizo, nivumilie kidogo.

Tuanze mbali, visiwani. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilikuwa na kompyuta kubwa kwenye kisiwa kimoja na watumiaji kwenye visiwa vingine. Profesa Norman Abramson na wenzake wakatumia redio, wote wakituma kwa masafa yaleyale. Kama umewahi kushika redio ya walinzi wa kambi unajua tatizo lake: wawili wakibonyeza kwa pamoja, hakuna anayesikika. Dawa yao ilikuwa rahisi. Ukigongana na mwenzako, nyamaza, subiri muda wa kubahatisha, halafu sema tena. Mwaka 1973 Robert Metcalfe wa maabara ya Xerox kule California alilichukua wazo hilo, akaliingiza kwenye waya na kuongeza adabu moja: sikiliza kwanza kabla ya kusema. Pamoja na David Boggs akaiunda, na jina lake likawa Ethernet. Waya wa buluu uliopo nyuma ya kompyuta za ofisi yako bado unabeba jina hilo.

Miaka ya mwanzo kadi za Ethernet zilikuwa ghali. Iliyobadilisha mambo ni kampuni ya Novell ya Marekani, ambayo kwa kweli haikuwa na hamu ya kuuza kadi. Ilikuwa inauza programu ya kuunganisha kompyuta za ofisini, na kadi ghali zilikuwa zinawazuia wateja wasinunue programu. Basi mwishoni mwa miaka ya 1980 ikatoa kadi nyepesi, NE2000, iliyojengwa juu ya chipu ya kampuni nyingine ambayo yeyote aliweza kuinunua. Viwanda vya Asia, hasa Taiwan, vikaiga. Vikaiga tena na tena, mpaka ukawa hujui ipi ni ya baba na ipi ni ya mtoto wa kambo. Bei ikaanguka, na kadi zikaenea dunia nzima.

Hapa namleta mzee mmoja tunayemwita Papa, kama tunavyowaita wazee wote wa kutoka Bukavu. Yeye alifanya kazi ya kompyuta ng'ambo ya mto, wakati ambapo vifaa vingi vilivyofika Kivu vilikuwa vimeshatumika Ulaya. Nilipomwambia kwamba tuna shida ya kadi alicheka sana.

"Mwanangu, nyinyi mna bahati. Kadi zenu zinasema jina. Zetu tulikuwa tunaziuliza kwa bisibisi."

Alikuwa na maana hii. Kadi za enzi ile hazikujitambulisha kwa kompyuta. Kila kifaa kilihitaji mambo mawili: anwani ambapo kompyuta itakipata, na namba ya kengele, yaani ishara ambayo kifaa kinatumia kuita ubongo wa mashine kikitaka kuhudumiwa. Kengele zilikuwa chache, kumi na tano hivi kwa mashine nzima, na nyingi zilikuwa na wenyewe. Ulizipanga kwa kuhamisha vipande vidogo vya plastiki juu ya kadi, kisha ukaiambia kompyuta kwa mkono kwamba kadi iko 0x300 na kengele yake ni 3. Tatizo: kengele ya 3 ndiyo iliyotumiwa pia na mlango wa pili wa nyuma, ambapo watu wengi walichomeka modemu. Na modemu kwa nchi zetu ndiyo ilikuwa njia ya dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo cha barua pepe cha Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoitwa MUKLA, kilipokea na kutuma barua za watu kwa modemu kupitia simu ya kawaida. Ukiweka modemu na kadi kwenye kengele moja, mmoja ananyamaza na wewe unakesha.

Papa aliongeza habari ya waya mweusi wa zamani, unaofanana na wa televisheni, uliopita kompyuta moja baada ya nyingine kama kamba ya nguo. Kila mwisho wa waya ulifungwa kizibo maalumu. Mtoto akikichezea kizibo kimoja, chumba kizima kinakatika. Tuendelee.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, alianza kuandika Linux, mfumo wa kompyuta uliofuata desturi za Unix, mfumo uliozaliwa Marekani mwaka 1969. Linux ilikuwa ya bure na kila mtu aliweza kusoma ndani yake imeandikwaje. Lakini mfumo bila draiva ni kama hospitali bila mkalimani. Draiva ni programu ndogo inayojua lugha ya kifaa kimoja. Kampuni nyingi ziliandika draiva za Windows na kuishia hapo. Aliyeketi kuandika draiva nyingi za kadi za mtandao kwa ajili ya Linux alikuwa Donald Becker, aliyefanya kazi kwenye kituo cha Goddard cha NASA. Ile ya NE2000 aliianza mwaka 1992. Mwaka 1994 yeye na Thomas Sterling waliunganisha kompyuta kumi na sita za kawaida kwa kadi za kawaida, zikafanya hesabu pamoja kama mashine moja kubwa. Yaani watu wa anga za juu nao walikuwa wanabana matumizi.

Ndani ya draiva hiyo kuna kitu ambacho sisi tunaojua maana ya kuulizwa karatasi hatuwezi kukipita. NE2000 ya halali ilikuwa na saini kwenye kumbukumbu yake: tarakimu 57 mara mbili mfululizo. Draiva iliangalia saini hiyo kabla ya kuikubali kadi. Zile za kuigwa nyingi ziliiga hata saini, lakini nyingine waliozitengeneza hawakuona haja. Zilikuwa zinafanya kazi vizuri kabisa, tatizo lao ni kwamba hazina saini. Draiva ingeweza kuzifungia nje. Badala yake iliachiwa upenyo: ukiongeza namba 0xbad kwenye maelezo ya kadi, draiva inaipokea hivyohivyo. Bad ni Kiingereza, maana yake mbaya. Kwa hiyo kadi iliandikwa mbaya na kazi ikapewa. Paul Gortmaker akaandika mwongozo mrefu wa kadi hizi zote, ipi inahitaji nini, ipi ina tabia gani, ukagawiwa bure pamoja na Linux. Kampuni zilizotengeneza baadhi ya kadi hizo zimeshakufa na karatasi zao zimepotea, lakini mwongozo upo.

Linux ilifika kwetu kwa njia nyingi. Mwaka 2004 Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth alianzisha toleo aliloliita Ubuntu. Waswahili tutasema utu. Hapa Rwanda neno lina maana nyingine tena, maana kitu cha ku buntu ni kitu cha bure, na kweli ilikuwa bure: mpaka mwaka 2011 ulijaza fomu na wakakutumia CD kwa posta bila kulipa hata stempu. Desemba mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Watu wakaona kwamba kompyuta nayo inaweza kusema "Hifadhi" na "Fungua" kama mtu wa nyumbani.

Na Rwanda ilikuwa na historia yake kubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2008 serikali ilishiriki mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na kwa miaka iliyofuata zaidi ya laki mbili za zile kompyuta ndogo za kijani na nyeupe ziliingia kwenye shule za msingi. Zilitumia Linux. Zilikuwa na masikio mawili ya kuinua, ambayo kwa kweli ni antena, na kadi yake ya hewani iliweza kupitisha mawasiliano ya mwenzake hata mashine yenyewe ikiwa imelala. Sifa nzuri sana. Lakini chipu hiyo ya kampuni ya Marvell ilihitaji programu ya ndani ambayo ni siri ya kampuni, na mwaka 2006, kabla hata hazijafika kwetu, Theo de Raadt, kiongozi wa mfumo wa OpenBSD, aliwalaumu waliokubali mpango huo: mnawapa watoto mashine ya kujifunzia, halafu kadi yenyewe haina maelezo ya kusomwa. Wapo waliosema ana makelele. Mimi namuunga mkono. Kompyuta ya msaada inaishi muda mrefu kuliko mradi ulioileta, na siku mradi unafungwa kinachobaki ni kile kinachoweza kusomwa.

Sasa nifike kwenye hizo saba.

Zilikuja kama msaada, zikiwa tayari na umri, na ndani yake kuna Ubuntu ya mwaka 2012. Aliyeziweka alifanya kazi safi. Kwenye kona aliweka kompyuta ya nane, seva, yenye masomo, mitihani ya miaka iliyopita na Wikipedia nzima ya Kiswahili inayosomwa bila intaneti. Kila mashine aliipa anwani ya kudumu, akaandika kwenye faili ya /etc/network/interfaces kwamba anwani hiyo ni ya kadi inayoitwa eth0. Chumba kilifanya kazi hivyo miaka.

Kisha radi. Watu wa ziwa Kivu hawahitaji kuelezwa kuhusu radi. Moja ilipita kwenye waya, ikaua swichi na matundu ya mtandao ya mashine zote saba. Seva ilipona kwa sababu siku hiyo ilikuwa imechomolewa kwa ajili ya usafi. Fundi aliyetumwa alileta swichi nyingine na kadi saba za mtumba kutoka Kamembe, akazichomeka, akawasha. Taa za kadi zikawaka kijani, lakini mashine hazikuiona seva. Akatafuta kwenye kumbukumbu za mashine, akaona maneno ya Kiingereza yanayosema kadi hii "is not an 8139C+ compatible chip", haikubaliani. Akaandika ripoti, na ripoti ikazaa orodha.

Ningependa kumtetea, kwa sababu maneno yale yanatisha. Lakini sentensi ile ina mwisho, nao unasema "use 8139too". Na hapa ndipo historia inapolipa. Kadi zenyewe ni RTL8139 za kampuni ya Realtek ya Taiwan, moja ya kadi zilizouzwa kwa wingi kuliko karibu zote mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hizi zinajitambulisha, kama alivyosema Papa. Ukiandika

lspci -nn

zinajibu 10ec:8139, sehemu ya kwanza ni mtengenezaji, ya pili ni aina. Draiva ya kwanza ya Linux kwa ajili yake aliandika huyohuyo Becker, Jeff Garzik akaiandika upya kwa jina 8139too. Baadaye Realtek wakatoa ndugu yake aliyeboreshwa, C+, wakaacha namba ileile. Kwa hiyo Linux ina draiva mbili kwa namba moja. Ya C+ inaamka, inaitazama kadi, inasema huyu si wangu, nendeni kwa mwenzangu. Mwenzake anaipokea. Ni kama mtu anafika dirisha la kwanza anaambiwa aende dirisha la pili. Hajafukuzwa.

Basi kadi zilikuwa zimepokelewa zote. Ukiandika

ifconfig -a

unaziona zipo. Ila jina lake si eth0. Ni eth1.

Hiyo nayo ina historia. Zamani kompyuta yenye kadi mbili ilikuwa inazipa majina kwa kufuata ipi imeamka kwanza, na leo eth0 ni hii, kesho ni ile. Watu wa seva walilalamika. Kwa hiyo matoleo kama Debian na Ubuntu yakaanza kuweka daftari. Kila kadi duniani ina namba yake ya kuzaliwa, tarakimu na herufi kumi na mbili, nusu ya kwanza ni ya kiwanda. Mashine ikiona kadi mpya inaandika namba hiyo na jina iliyoipa, na jina halitolewi kwa mwingine tena. Daftari ni hili:

/etc/udev/rules.d/70-persistent-net.rules

Kadi ya kwanza, iliyounguzwa na radi, bado iliandikwa humo kama eth0. Imekufa, lakini jina ni lake. Mgeni kutoka Kamembe akapewa eth1, na kwa eth1 hakuna anwani iliyoandikwa popote. Amekaa mlangoni, taa inawaka, hana pa kwenda. Tangu 2013 mifumo mipya imeanza kutumia njia nyingine, inaita kadi kwa mahali ilipochomekwa, majina kama enp3s0, mabaya kutamka lakini hayategemei kumbukumbu ya marehemu. Zetu ni za 2012.

Kurekebisha ni kazi ya dakika tano. Unafungua daftari, unafuta mstari wa kadi iliyokufa, kwenye mstari wa kadi mpya unabadilisha eth1 kuwa eth0, unahifadhi, unawasha upya. Kilichochukua muda ni kitu kingine: daftari hilo halifunguki bila nenosiri la msimamizi. Nenosiri lilikuwa na mtu mmoja ambaye alishahamia kazi nyingine nchi nyingine, na barua zetu zilizunguka wiki kadhaa, kila ofisi ikitupeleka kwa jirani yake. Mwishowe mtu mwenyewe alijibu kwa upole, mstari mmoja, kutoka huko aliko. Wiki hizo kadhaa ndizo nataka wasomaji wa mashirika wazitazame, kuliko dakika tano.

Jumamosi iliyofuata tuliifanya na vijana sita. Mashine ya kwanza nilifanya mimi wakitazama. Ya pili alifanya msichana mmoja wa kidato cha tano, polepole, akisoma kila herufi kwa sauti, na alipoandika ping na jibu la kwanza la seva likarudi alisema tu, "Iko." Baada ya hapo sikushika kibodi tena. Tano zimerudi. Ya sita, tundu lenyewe la kuchomekea kadi limekufa. Ya saba haiwaki kabisa, ni umeme wake, na hiyo sitabishana na orodha.

Kuna jambo la lugha hapa nimeliwaza sana. Kiswahili tunasema "mtandao" tukimaanisha intaneti, na tunasema "mtandao" tukimaanisha kompyuta zilizounganishwa chumbani. Aliyeandika "haina mtandao" pengine alimaanisha la pili. Aliyesoma ofisini alielewa la kwanza, akajisemea: kompyuta za 2012, intaneti haziwezi, ziende. Na kweli, kwa intaneti ya leo ni dhaifu, tovuti nyingi zinazikataa. Fomu za ufadhili wa masomo wa DAFI hutajaza humo. Kwa hilo tuna kompyuta moja mpya na foleni ndefu. Lakini kwa seva ya pembeni zinatosha kabisa. Mtoto asiye na simu anaketi anafungua mtihani wa hisabati wa mwaka jana, na hahitaji MB hata moja. Viti vitano si vichache kwa watu tunaowapokea sisi, wengine wakiwa wanapita tu Nyarushishi kabla ya kupelekwa Mahama au kwingine, wakiwa na wiki chache mikononi na hakuna cha kuzifanyia.

Orodha bado haijatiwa sahihi. Nimeandika barua kuomba mashine tano zitolewe humo, na ya sita tuachiwe iwe ya kufungulia na kufundishia. Nimeomba pia nenosiri la msimamizi liwe na watu wawili hapahapa Rusizi, mmoja wa shirika na mmoja wa vijana, na liandikwe kwenye bahasha. Papa ameahidi kuleta kadi moja ya NE2000 ya kuiga aliyobaki nayo, ile ya vipande vya plastiki, ili vijana waione. Hakuna kompyuta yetu yenye tundu la kuichomeka. Anasema haina saini, aliwahi kuijaribu.